Kazini: shefu akikubali kucheza, watu wanasema

Kwenye vyama vingi vya wakulima, mkutano unaendaga hivi: presidenti anasema, sekretere anaandika, wengine wanaitikia kwa kichwa. Mkutano ukiisha, chini ya muembe, ndipo maneno ya kweli yanatoka: nani hakufika kusafisha mfereji, makuta ya mbegu yalienda wapi. Kazi inaharibika juu ya yale ambayo hayasemwi ndani.

Mchezo unaweza kusaidia. Miaka ya 1970, Augusto Boal, mtu wa teatre kutoka Brazili, alitengeneza igizo ambamo mtazamaji ana haki ya kulisimamisha, kuingia fasi ya mchezaji na kuonyesha njia ingine. Huku kwetu Kivu, teatre ya kushirikisha watu inajulikana: shirika Search for Common Ground, linalofanya kazi Kongo tangu 2001, limeitumia vijijini ili watu wazungumzie migogoro yao. Njia hiyo inafaa pia kwa komite ya chama, kituo cha afya ao shule.

Mfano ni huu. Wakulima wa mpunga hapa Kamanyola wanagombana juu ya zamu ya maji. Watu wanne wanaigiza ugomvi huo dakika kumi, bila kutaja jina la mtu, na wanaumaliza vibaya. Kisha wanaanza upya. Sasa yeyote anaweza kupiga makofi, kusema "Simama!" na kuchukua fasi ya mmoja wao. Mama ambaye hajawahi kufungua kinywa mkutanoni anacheza presidenti. Presidenti naye anacheza mkulima wa mwisho wa mfereji, yule maji hayamfikie. Anasikia mwenyewe namna kungojea kunavyouma.

Inawezekana juu ya nini? Ndani ya mchezo sheria ni moja kwa wote, mukubwa na mudogo. Neno ambalo mkutanoni lingeitwa kiburi, hapa linapita na kicheko. Tena kukosea hakuna hasara: wazo baya likijaribiwa kwenye igizo, hakuna shamba linalokauka.

Lakini kuna mambo ya kuangalia. Shefu asiwe refa. Kazi hiyo apewe mtu ambaye pande zote zinamuamini. Asiyetaka kucheza asilazimishwe. Na yaliyosemwa mchezoni yasigeuke kesi kesho yake, maana siku hiyo moja tu inatosha kufunga vinywa mwaka muzima.

Mwishoni, watu wakae chini na daftari: tumeona nini, nani atafanya nini, siku gani? Bila maulizo hayo matatu, watacheka, watarudi nyumbani, na mfereji utabaki na majani yake.