Kiingereza: swali la "Unatoka wapi?"

Ndugu wakimbizi, Kiswahili kina swali moja, "Unatoka wapi?", lakini Kiingereza kina mawili. Ofisa akikuuliza "Where do you come from?" anataka kujua kwenu ni wapi. Jibu "I come from Pweto", hata kama asubuhi hii ulikwenda Kabuta kununua samaki. Akiuliza "Where are you coming from?" anataka kujua ulikuwa wapi sasa hivi. Hapo ndipo useme "I am coming from Kabuta". Siku ya kuandikishwa angalieni sana, maana ukitaja Kabuta kwenye swali la kwanza unaweza kuandikwa mwenyeji wa Zambia. Kwa safari iliyokwisha neno ni "came": "I came to Zambia in 2017". Usipoelewa, mwombe mkalimani arudie swali kabla hujajibu.