Orodha Iliyojimeza

Fungua Python, tengeneza orodha tupu uiite a, kisha uitie ndani yake yenyewe: a.append(a). Tengeneza b kwa namna hiyohiyo. Sasa uliza kama a == b. Hupati ndiyo wala hapana, unapata RecursionError. Ili kulinganisha orodha, Python hulinganisha vilivyomo. Ndani ya a mna a, ndani ya b mna b, kwa hiyo swali linazaa swali lilelile hadi kikomo cha kina kifikiwe. Lakini a == a hujibiwa papo hapo, maana Python huanza kwa kutazama kama vilivyomo ni kitu kimoja kwenye kumbukumbu.

Huu si mchezo wa wadadisi. Katika mfumo wa shule, mwanafunzi ana darasa, na darasa lina orodha ya wanafunzi: mzunguko tayari. Soma mwanafunzi mmoja mara mbili kutoka hifadhidata, upate nakala mbili zisizochangia kitu, uzilinganishe kwa == katika PHP, na programu nzima inaweza kusimama.

Dawa ni kuandika kila jozi inayolinganishwa. Jozi ikijitokeza tena, ichukuliwe kuwa sawa na kazi iendelee. Kama kuna tofauti, itaonekana kwingine. Ndivyo ifanyavyo reflect.DeepEqual ya Go.

Nasisitiza jozi, kwa sababu wengi huandika upande mmoja tu. Linganisha a na x = [[5]]. Anayekumbuka upande wa kushoto peke yake hukutana na a mara ya pili, akasema "nimeshaiona, sawa", na 5 haifikiwi kamwe. Mwenye jozi huona (a, x), kisha (a, [5]), kisha (a, 5). Orodha na namba: hapana.

Kisha kuna orodha c iliyobeba d tu, na d iliyobeba c tu. Je, c ni sawa na a? Moja ina vitu viwili kwenye kumbukumbu, nyingine kimoja. Kiwango rasmi cha lugha ya Scheme cha mwaka 2007, R6RS, kinasema ni sawa: ukizikunjua zote mbili bila kikomo, huoni tofauti. Nakubaliana nacho kwa orodha. Kwa wale wanafunzi, ningelinganisha namba zao za usajili tu.