Kabla ya Kugusa Kabureta ya Volkswagen Beetle

Volkswagen Beetle ikikosa sailensa, mafundi wengi hukimbilia bisibisi. Hukaza skrubu ya kabureta, hulegeza, injini ikatulia kidogo. Ikishapata moto, huvuma yenyewe au huzima. Mara nyingi kabureta haina kosa. Kuna hewa inayopenya kwingine.

Kabureta hutoa petroli kulingana na hewa inayopita ndani yake, takriban sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, kwa uzito. Hewa ya wizi haikupimiwa petroli, kwa hiyo gari humisi, husita ukikanyaga mafuta, na vali huungua polepole. Hilo la vali ndilo linaloniuma zaidi, maana injini hii hupozwa kwa upepo na haina rejeta ya kuinusuru. Gari lililoshinda Safari Rally ya 1962, likiendeshwa na Tommy Fjastad, halistahili kufa kwa ufa wa mpira.

Na kweli mara nyingi ni mpira. Katika injini ya 1600 ya miaka ya 1970, manifoldi ni vipande vitatu vilivyoungwa kwa mipira miwili mifupi. Joto huikausha, ikapasuka upande wa chini usioonekana. Acha injini iungurume, nyunyiza maji ya sabuni kidogo kwenye mipira hiyo, gasketi ya chini ya kabureta na hosi ya distribyuta. Mlio ukibadilika, umepata penyewe. Petroli usithubutu kuinyunyiza: boksi la injini hii ni la magnesiamu, na likishika moto ni shida kulizima.

Mwenye geji ya vakyumu azingatie mwinuko. Injini nzima Mombasa husoma inchi 17 hadi 21. Nairobi itasoma pungufu kwa inchi tano hivi, wala si ugonjwa.

Tikisa pia ekseli ya kipepeo cha kabureta. Ikicheza kwenye tundu lake, mipira mipya haitasaidia. Fundi wa mashine aitie bushi.

Mipira na gasketi vibadilishe kwa pamoja, ukaze klipu. Hapo ndipo ushike bisibisi, injini ikiwa ya moto, uweke sailensa kwenye mizunguko 850 hivi kwa dakika.