Ua na Maua: Ziara ya Mafunzo katika Jumba la Mtoni

Katika lugha yetu neno "ua" lina maana mbili: uwanja uliozungukwa na kuta za nyumba, na chanuo la mmea. Wingi ndio unaoyatenga: nyua na maua. Mwalimu awapelekaye watoto kutazama jumba la kale hana budi kuyakumbuka yote mawili, kwani maua huvuta macho, lakini historia imo uani.

Tuchukue mfano wa Jumba la Mtoni, lililo ufukoni, kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja. Sayyid Said bin Sultan, aliyefika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828, alilifanya kuwa makao yake. Binti yake Salme alizaliwa humo mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, alieleza ua mkubwa ambamo paa, tausi na mbuni walitembea huru, na michungwa mirefu iliyosimama mbele ya hamamu. Leo sehemu kubwa ya jumba ni magofu. Kwa hiyo mtoto atahitaji kutazama kwa makini zaidi.

Maandalizi

Mwalimu na azuru mahali hapo kwanza peke yake. Aonane na mwongozaji, amwombe asianze kusimulia kabla watoto hawajatazama. Mwongozaji hodari ana mengi ya kusema, lakini mtoto aliyekwisha kuambiwa kila kitu huacha kutafuta. Darasani, watoto waulizwe habari za ua wa nyumbani kwao: nani huufagia, maji hutoka wapi, hupandwa maua gani na kwa matumizi gani. Watoto wa pwani watataja yasmini, mrehani na mawaridi yatiwayo katika kikuba. Hivyo tunakwenda kutoka linalojulikana hadi lisilojulikana.

Uani

Tunapendekeza vikundi vinne. Cha kwanza kipime ua kwa hatua. Cha pili kichore mimea na kuandika majina yake. Cha tatu kifuate dalili za njia ya maji. Cha nne kihesabu milango na kueleza ilikoelekea. Baada ya dakika 20 wote wakusanyike kivulini, kila kikundi kitoe taarifa, na mwongozaji ajazilize palipopungua.

Kikundi cha tatu ndicho kitakacholeta swali zito. Jumba lilipata jina lake kutokana na kijito kilicho hapo. Je, ni nani aliyechota maji, akafagia ua na kutunza miti? Salme alikadiria kuwa jumba lilikuwa na wakazi wapatao 1000, na wengi miongoni mwao walikuwa watumwa. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria mwaka 1897.

Wako walimu wapitao hapo upesi, kwa kuchelea kwamba darasani wamo wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini kunyamaza hakumlindi mtoto. Kunamfundisha kwamba jumba lilijijenga na bustani ikajimwagilia. Mwalimu na aseme waziwazi, kwa sauti yake ya kila siku, kwamba watu hao walikuwapo, walifanya kazi hizi, wala haikuwa kwa hiari yao. Asimwulize mtoto yeyote habari za ukoo wake mbele ya wenzake, wala asiruhusu mzaha.

Baada ya ziara

Watoto wachore ramani ya ua kwa vipimo walivyochukua. Kisha kila mmoja aandike aya moja juu ya siku ya mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote: mchota maji, mtunza bustani au mpishi.

Katika kupima mafanikio ya somo, tusitosheke na tarehe zilizokaririwa. Tutazame kama mtoto aweza kutenga mambo matatu: aliyoyaona kwa macho yake, aliyoambiwa na mwongozaji, na aliyoyakisia mwenyewe. Akiweza hivyo katika darasa la tano, amekwisha kupata stadi ambayo haitamtupa katika masomo yote yatakayofuata.