Je, Wajua? Instagram ni Kaka Yake Simiyu

Sogea hapa benchini, weka hiyo simu chini dakika tatu tu. Utaweza?

Je, wajua Instagram imeutangulia mkoa wetu kuzaliwa? Yenyewe ilianza Oktoba 2010. Simiyu tumemegwa hasa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Mtoto aliyezaliwa Maswa mwaka huo ameukuta mtandao umeshaota meno!

Ukiperuzi, ukurasa haufiki mwisho, sivyo? Ujanja huo aliubuni Mmarekani Aza Raskin mwaka 2006, na siku hizi anasema hadharani kwamba anaujutia. Ndoo ya kisimani hujaa ukaiona. Ukurasa huu haujai ng'o.

Kidole gumba cha laiki kilitua Facebook Februari 2009. Sasa sikia hii, ngosha: Justin Rosenstein, mmoja wa waliokibuni, alimwomba msaidizi wake aifunge simu yake kama inavyofungwa simu ya mtoto, asiweze kupakua programu yoyote. Fundi anakimbia kiti alichochonga mwenyewe!

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliwalipa watu wazime Facebook wiki 4. Kwa wastani kila mmoja alijikuta na dakika 60 za ziada kwa siku, na furaha ikapanda. Ilipanda kidogo tu, tusidanganyane.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Halafu anauziwa bando la usiku kwa bei chee!

Shirika la Afya Duniani linasema katika kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Usiitwishe mitandao mzigo wote, ila kariri 116: namba ya bure ya msaada kwa watoto Tanzania.

Na wajua bibi anaweza kutibu sonona? Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14, na kliniki yao ni benchi la mbao kama hili. Wagonjwa wao walipokuja kupimwa, baada ya miezi 6 waliobaki na dalili hawakufika 14 katika kila 100; upande wa huduma ya kawaida walikuwa karibu 50. Benchi hilo limeshavuka maji hadi Zanzibar.

Tamu nimekuwekea mwisho. Unadhani kugombania watazamaji kumeletwa na TikTok? Wasukuma tunao mchezo huo tangu karne ya 19! Vikundi viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wanacheza mbina uwanja mmoja, saa ileile, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Watazamaji wanapiga kura kwa miguu: ukipoa kidogo tu, unaona migongo yao ikielekea kwa mpinzani, vumbi linatimka. Wachezaji walitafuta hadi dawa ya mvuto, na chatu hai wakaletwa uwanjani ili umati usihame.

Wewe juzi umetuma picha ya chipsi, unalalamika laiki 6?