Jua la Mwaloni na Mtoto Mwenye Ualbino

Saa nne asubuhi mwaloni hakuna mtu mwenye nafasi ya kukaa kivulini. Wavuvi waliokesha na taa zao wamerudi, na dagaa hawana budi kuanikwa upesi kabla hawajaharibika. Kila mwenye mikono huitwa: mama, shangazi, na watoto pia ikiwa ni Jumamosi. Katika nyumba kadha wa kadha za Ukerewe, Sengerema na Magu, kati ya watoto hao yumo mmoja mwenye ngozi nyeupe na nywele za manjano. Yeye naye huinama mchangani pamoja na wenzake, kichwa wazi, maana kazi ni ya wote. Hakuna anayemtakia mabaya. Lakini ni hapo hapo ugonjwa wake unapoanzia.

Zamani mtoto huyu aliitwa zeruzeru. Leo twasema mtu mwenye ualbino, na ni afadhali, kwa kuwa jina lile la zamani lilichukua dharau nyingi. Ualbino hauambukizi, wala si laana. Ni upungufu wa rangi ya mwili iitwayo melanini. Rangi hiyo ndiyo mwavuli wa ngozi: huuzuia ukali wa jua usipenye ndani. Mtu asiye nayo ni kama nyumba iliyoezuliwa paa.

Basi wengi huuliza: yawezekanaje baba mweusi na mama mweusi wazae mtoto mweupe? Swali hili limevunja ndoa nyingi. Mume humshuku mkewe kwamba alitembea na Mzungu, naye mke hurudishwa kwao na mtoto mgongoni. Tusikilize elimu inasema nini. Kila mtoto hupokea urithi kutoka pande mbili, sehemu kwa baba na sehemu kwa mama. Mtu aweza kubeba asili ya ualbino maisha yake yote naye mwenyewe asionyeshe dalili yoyote, kwa sababu sehemu nyingine aliyorithi ni nzima na yatosha kumpa rangi. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Kwa aina hii iliyo ya kawaida kwetu, mtoto hawezi kuzaliwa hivyo ila amerithi pande zote mbili. Kwa hiyo rangi ya mtoto haimshtaki mama. Baba naye amechangia sawasawa na mkewe, na wote wawili hawana kosa.

Sasa tutazame jua linavyofanya kazi yake. Kwanza ngozi hubabuka na kuwa nyekundu. Miaka inapopita hutokea madoa ya kahawia usoni na mikononi, na watu hudhani mtoto anaanza kupata rangi. Kumbe madoa yale ni alama kwamba jua limemchoma mara nyingi. Kisha ngozi hukauka na kuwa na magaga magumu, midomo hupasuka, na mwishowe hutokea kidonda kidogo kisichopona, pengine sikioni au shavuni. Hakiumi sana, basi hupakwa majani na kufunikwa kitambaa. Kikiachwa hukua kikawa uvimbe, nao uvimbe huo ndio saratani ya ngozi.

Madaktari wa hospitali ya Bugando, pale Mwanza, walichunguza habari za wagonjwa wenye ualbino waliotibiwa saratani ya ngozi hospitalini hapo tangu mwaka 2001 hata 2010. Walikuwa 64. Yafaa tuufikiri umri wao: nusu walikuwa hawajazidi miaka 30. Huo ni umri wa kulea watoto na kujenga nyumba. Wengi walikuwa na saratani kichwani na shingoni, yaani mahali ambapo nguo haifiki. Na wengi walifika wamechelewa, sababu kubwa ikiwa ni ukosefu wa fedha.

Sote twakumbuka ukatili uliowapata ndugu hawa katika mikoa yetu, hasa tangu mwaka 2007, walipouawa na kukatwa viungo kwa sababu ya uongo wa waganga wapiga ramli. Mwezi Septemba 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana mmoja. Hata mwaka 2024 mtoto mdogo wa Muleba, mkoani Kagera, aliibwa kwao na kuuawa. Uovu huo tuukatae, na anayeujua asifiche. Walakini yuko mwuaji mwingine, naye ni jua. Huyu haji usiku, wala hapigiwi yowe.

Wazazi wafanye nini? Mambo yenyewe si makubwa. Mtoto avae kofia pana ya ukindu inayofunika masikio na shingo, si kapelo. Avae mikono mirefu na suruali au gauni refu, la kitambaa kizito kidogo. Tangu saa nne asubuhi hata saa kumi jioni asifanye kazi juani. Apewe kazi za alfajiri, za jioni na za ndani. Mawingu yasitudanganye, kwa kuwa ukali wa jua hupenya, tena maji ya ziwa na mchanga huurudisha usoni. Yako pia mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yaliyoanza kutengenezwa KCMC, Moshi, kwa ajili ya ngozi za namna hii. Ulizeni zahanati au chama cha watu wenye ualbino. Mafuta ya kawaida ya kulainisha ngozi hayazuii jua.

Kidonda kisichopona kwa muda wa mwezi mmoja kipelekwe hospitali, hata kikiwa kidogo kama punje ya mtama. Kikikatwa mapema, aghalabu mgonjwa hupona kabisa.

Neno moja kwa walimu. Mtoto huyu haoni mbali, na macho yake huchezacheza. Hivyo ndivyo yalivyoumbika. Mkalisheni mbele karibu na ubao, asielekee dirisha lenye mwanga mkali, na msimwite mjinga kabla hamjahakikisha kwamba ameyaona maandishi. Na wakati wa kulima shamba la shule, mpeni kazi ya kivulini.

Baba mmoja aweza kusema, “Nikimweka huyu kivulini, wenzake watasema nampendelea.” Na aseme nao wazi mbele ya chakula cha jioni: ndugu yenu hana mwavuli ninyi mlio nao, basi sisi sote tutakuwa mwavuli wake. Watoto huelewa upesi kuliko sisi. Kofia ya ukindu hupatikana sokoni siku yoyote ya gulio. Tusingoje mpaka tuipande ngazi ya Bugando ndipo tuikumbuke.