Homa ya ini C: dawa ipo, wagonjwa hawajulikani

Homa ya ini C husababishwa na kirusi kinachosafiri ndani ya damu. Hakiambukizwi kwa kula sahani moja, kwa kukumbatiana wala kwa maziwa ya mama. Njia zake kuu ni sindano iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, damu isiyopimwa, na vifaa vya hospitali, vya kuchanja au vya kutoga visivyotakaswa. Mara chache mama humwambukiza mtoto tumboni au wakati wa kujifungua. Kati ya watu 10 wanaoambukizwa, takriban 3 hukishinda wenyewe ndani ya miezi 6. Waliobaki huishi nacho, mara nyingi kwa miaka 20 na zaidi bila kuumwa popote, huku ini likijaa makovu polepole. Wengi hujua hali yao tumbo likiwa limekwisha jaa maji au saratani ya ini imeanza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 50 wanaishi na kirusi hiki, na kwamba mwaka 2022 kiliua watu wapatao 242,000.

Ugonjwa huu huchanganywa sana na homa ya ini B, ambayo imeenea zaidi Afrika Mashariki. Homa ya ini B ina chanjo nzuri, ila dawa zake hukandamiza kirusi tu bila kukimaliza. Homa ya ini C haina chanjo, lakini inapona kabisa. Ajabu ni kwamba ugonjwa unaopona bado hautafutwi vya kutosha: hadi mwisho wa 2022, ni takriban asilimia 36 tu ya wenye homa ya ini C duniani waliokuwa wamepimwa na kujua, na asilimia 20 waliokuwa wametibiwa.

Kirusi chenyewe kilichelewa kujulikana. Katika miaka ya 1970, Harvey Alter wa Marekani aligundua kuwa watu walioongezewa damu walipata homa ya ini isiyo A wala B. Mwaka 1989 kundi la Michael Houghton lilikitambua kirusi, na mwaka 1997 Charles Rice akathibitisha kwamba peke yake kinatosha kuleta ugonjwa. Watatu hao walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya 2020. Faida ya haraka ya ugunduzi huo ilikuwa kipimo cha damu ya kuongezewa wagonjwa.

Upimaji una hatua mbili, na tatizo kubwa liko katikati yake. Kipimo cha kwanza, cha tone la damu kidoleni, hutafuta kingamwili. Majibu hutoka kwa dakika chache na bei yake ni ndogo. Lakini kingamwili hubaki mwilini hata baada ya kirusi kutoweka, kwa hiyo jibu la kwanza linasema tu kwamba mtu aliwahi kuambukizwa. Kujua kama bado anacho, lazima kipimo cha pili kitafute vinasaba vya kirusi chenyewe. Zamani mgonjwa aliambiwa arudi siku nyingine kutolewa damu upya, na wengi hawakurudi. Siku hizi maabara hushauriwa kutumia damu ileile iliyokwisha chukuliwa, au mashine ndogo za vinasaba ambazo hospitali nyingi za wilaya tayari zinazitumia kupima kifua kikuu.

Misri ndiyo iliyoonyesha upimaji wa nchi nzima unawezekana. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ilitibu kichocho kwa sindano za dawa ya antimoni. Sindano za kioo zilirudiwa kwa watu wengi bila kuchemshwa ipasavyo, na kampeni iliyokusudiwa kuokoa wakulima wa bonde la Nile ikasambaza homa ya ini C. Utafiti wa kaya wa 2008 ulikuta kingamwili kwa takriban asilimia 15 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 59, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani.

Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, Misri ilipima watu milioni 49.6 kati ya milioni 62.5 waliolengwa. Asilimia 4.6 walikuwa na kingamwili, na kati ya waliofanyiwa kipimo cha pili, takriban robo tatu walikuwa bado na kirusi. Zaidi ya asilimia 90 ya waliothibitishwa walianza dawa, na kwa wale ambao matokeo yao yalijulikana, asilimia 98.8 walipona. Gharama yote ilikuwa takriban dola milioni 207. Oktoba 2023, WHO iliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia daraja la dhahabu katika safari ya kuutokomeza ugonjwa huu.

Kampeni hiyo isingewezekana kwa tiba ya zamani. Kwa miaka mingi mgonjwa alichomwa sindano ya intaferoni kila wiki, pamoja na vidonge vya ribavirini, hata kwa wiki 48. Homa, huzuni kubwa na upungufu wa damu vilikuwa vya kawaida, na kwa wenye aina ya kwanza kati ya aina kadhaa za kirusi, waliopona hawakuzidi sana nusu. Desemba 2013 Marekani iliidhinisha sofosbuviri. Dawa hii ni kipande bandia cha vinasaba: kirusi kinapojinakili hukiokota kama mshona shanga aliyeokota ushanga uliozibwa upande mmoja, na uzi hauendelei. Ikiunganishwa na velpatasviri, kidonge kimoja kwa siku kwa wiki 12 kiliponya asilimia 99 ya wagonjwa 624 katika jaribio lililochapishwa 2015. Kupona kunamaanisha kirusi hakionekani kwenye damu wiki 12 baada ya dozi kwisha.

Bei ndiyo iliyozua kelele. Marekani kidonge kimoja cha sofosbuviri kiliuzwa dola 1,000, yaani dola 84,000 kwa dozi nzima. Misri ilipatana na mtengenezaji dola 900 kwa dozi nzima, kisha viwanda vyake vya ndani vikaishusha zaidi.

Majaribio makubwa ya dawa hizi, hata hivyo, yalifanyika zaidi Ulaya na Amerika, na virusi vya huko si sawa na vya hapa Afrika. Nchini Rwanda, watafiti waliwapa wagonjwa 300 ledipasviri pamoja na sofosbuviri kwa wiki 12. Kwa jumla asilimia 87 walipona. Lakini kwa wenye kijitawi cha kirusi kiitwacho 4r, walipona asilimia 56 tu. Kijitawi hicho huzaliwa na mabadiliko yanayokipa ukinzani dhidi ya kundi la dawa ilimo ledipasviri. Wagonjwa ambao dawa hizo hazikuwaponya walipopewa mchanganyiko wa dawa tatu katika utafiti uliofuata, karibu wote walipona. Bila utafiti kufanyika Kigali, madaktari wangeweza kuwalaumu wagonjwa kwa kuruka vidonge.

Swali jingine lilikuwa kama mgonjwa anahitaji kufuatiliwa sana. Watafiti wa Uganda, Afrika Kusini, Brazili, Thailand na Marekani waliwapa wagonjwa 399 vidonge vyote siku ya kwanza, bila kupima aina ya kirusi na bila kuwaita kliniki katikati ya tiba. Waliwasiliana nao kwa mbali mara mbili tu. Asilimia 95 walipona. Kipimo kimoja hakifai kurukwa: cha homa ya ini B, kwani mtu mwenye virusi vyote viwili anaweza kuona B ikiamka wakati C inatibiwa.

Kupona hakuleti kinga, na anayeendelea kujidunga kwa sindano ya pamoja anaweza kuambukizwa tena. Ndiyo maana kwa watumiaji wa unga kinga huanzia kwenye sindano safi na methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kuwa tiba hiyo hupunguza hatari ya maambukizi kwa nusu, na ikienda pamoja na sindano safi za kutosha, kwa karibu robo tatu. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni 2011, na pwani ya Kenya ina huduma hiyo Malindi na Mombasa.

Chanjo bado. Kirusi hubadilika haraka mno, hata ndani ya mtu mmoja. Chanjo iliyojaribiwa Marekani kwa watu 548 wanaojidunga iliamsha kinga ya mwili, lakini matokeo ya 2021 yalionyesha maambukizi sugu 14 kwa waliochanjwa na 14 kwa waliopewa chanjo bandia. Sasa baadhi ya wanasayansi wanapendekeza kuwachanja watu wachache wenye afya waliojitolea, kuwaambukiza kirusi kwa makusudi, kisha kuwatibu kwa vidonge. Wazo hilo halikuweza hata kufikiriwa enzi za intaferoni.